Ukikatazwa Kutaja Chapa

Mkufunzi wa elektroniki katika chuo cha ufundi cha umma anapoandika maelezo ya zabuni, hukutana na kanuni inayomfungia njia ya mkato: usitaje chapa. Ikibidi kabisa kuitaja, uongeze maneno "au kinacholingana nacho". Kanuni iliwekwa ili kuzuia upendeleo, lakini kwa mnunuzi wa vifaa vya kupimia umeme huzua swali zito. Ukiuliza kwenye masoko ya elektroniki ya Kariakoo au Luthuli Avenue, mafundi watakwambia nunua Fluke, nunua Tektronix, na ukiiona HP ya zamani usiiache. Haya, sasa andika ulichokuwa unakitaka uliposema Fluke. Kiandike kwa maneno na namba, kiasi kwamba hata muuzaji anayetafuta upenyo asiweze kukuletea kitu kibovu.

Swali hilo nimelipa sauti tatu. Nimezitunga, ila hoja zao ndizo ninazozisikia kila mazungumzo ya vipimo yanapoanza. Wa kwanza ni fundi mzee wa mtaa wa Gerezani, anayetengeneza amplifaya na inveta. Wa pili ni mkufunzi kijana aliyekabidhiwa kuandaa orodha ya vifaa vya maabara mpya: osiloskopu na multimita. Wa tatu ni mpimaji wa maabara ya ugezi, mwanamke ambaye kazi yake ni kupima vifaa vya watu wengine na kusema vinadanganya kwa kiasi gani.

FUNDI: Mwanangu, mimi silifuati jina kwa ukubwa wake. Nalifuata kwa sababu nimefungua kifuniko. Zile skopu za Tektronix za enzi za valvu, ndani vipande vyake vimechomelewa kwenye vibao vya kauri vyenye mpako wa fedha. Ukichomelea kwa risasi ya kawaida mara kwa mara, ile fedha inayeyukia kwenye risasi na kauri inabaki tupu, haishiki tena. Wao walilijua hilo. Basi ndani ya mashine wakafunga kigurudumu kidogo cha risasi iliyochanganywa na fedha, ili fundi atakayeifungua aikute. Na kitabu chake kina mchoro wa saketi yote, orodha ya kila kipande, na volti unayopaswa kuikuta kila mahali. Mtu aliyefanya hivyo alinifikiria mimi kabla sijazaliwa. Hiyo ndiyo chapa.

MKUFUNZI: Shikamoo, mzee. Kigurudumu hicho nakiheshimu. Ninachouliza ni nani aliyekiweka. Tektronix ilianzishwa mwaka 1946 huko Portland, Oregon, na Howard Vollum na Jack Murdock. Mwaka 2007 ikanunuliwa na Danaher, 2016 ikahamishiwa Fortive, 2025 ikawekwa chini ya kampuni mpya iitwayo Ralliant. Fluke ilianza 1948, Danaher wakaichukua 1998, leo iko Fortive. HP ilianza 1939 Palo Alto, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa jenereta ya mawimbi ya sauti. Disney walinunua nane za toleo lake lililorekebishwa kwa ajili ya filamu ya Fantasia. Mwaka 1999 upande wa vipimo ulitengwa ukaitwa Agilent, mwaka 2014 ukatengwa tena ukaitwa Keysight. Jina la HP lenyewe likabaki kwenye kompyuta na printa. Nikimwambia mwanafunzi aiamini HP, aamini nini hasa?

FUNDI: Aamini kazi ya mikono. Jina lilikwenda kwenye printa, ujuzi ukaenda Keysight. Mama hapa atanisaidia.

MPIMAJI: Hapo mzee wangu ana hoja. Multimita ya 3458A ilitoka mwaka 1989 ikiwa na jina la HP. Ikauzwa na Agilent, kisha Keysight. Tarakimu nane na nusu, na maabara za vipimo sehemu nyingi duniani bado zinaitegemea. Jina la mbele limebadilika mara mbili, lakini usanifu ni uleule.

MKUFUNZI: Nakubali, dada. Lakini geuza upande wa pili. Agilent haohao waliuza osiloskopu za DSO3000 zilizotengenezwa na Rigol, kampuni iliyoanzishwa Beijing mwaka 1998. LeCroy, jina linalotajwa kwa heshima kwenye maabara za fizikia, waliuza WaveAce zilizotengenezwa na Siglent wa Shenzhen. Brymen wa Taiwan wametengeneza mita zilizouzwa kwa majina ya Amprobe na Greenlee. Kuna watu walioidharau Rigol asubuhi, na mchana wakaisifu kwa kuwa imeandikwa Agilent.

FUNDI: Agilent hakuweka jina lake bure. Alichagua, akakagua, akasimama nyuma ya dhamana. Ukipata shida, ulijua unamwandikia nani.

Hapa naona mzee amegusa jambo ambalo kijana analipita haraka. Tunapozungumza juu ya sifa ya chapa, tunachanganya vitu viwili: nani alitengeneza, na nani atajibu. Cha kwanza kinaweza kuhamia kiwanda chochote duniani bila mnunuzi kujua. Cha pili ni uhusiano kati ya watu, na ndicho kinachouzwa kampuni inaponunuliwa. Mnunuzi mpya anaweza kukitunza au kukitumia mpaka kiishe. Kwa hiyo sifa ina tarehe. Kusema "Tektronix ni nzuri" bila kusema ya mwaka gani na modeli gani ni kusema nusu ya sentensi.

Kuna upotofu mwingine ambao sisi tunaozungumzia vifaa vya zamani tunauingia kirahisi. Vifaa vya HP na Tektronix tunavyoviona leo ni vile vilivyobaki. Vilivyokuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao vilikwishafika kwenye chuma chakavu miaka mingi iliyopita, wala hakuna anayevikumbuka. Tukilinganisha vilivyosalia na vyote vilivyotoka kiwandani mwaka huu, vya zamani vitashinda daima, na ushindi huo hautatuambia lolote juu ya ubora. Na sikiliza malalamiko yanakotoka: kifaa cha bei rahisi kiko mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo kasoro yake inajulikana mitaani ndani ya wiki. Kifaa cha bei kubwa kiko kwa wachache, na aliyelipa fedha nyingi huona uzito kukiri kwamba amenunua tatizo.

MKUFUNZI: Na hata vilivyosalia vina siri zao. Mzee, Tektronix 465 ya mwaka 1972 nakupa mkono. Megahezi 100, transista nyingi unazoweza kuzipatia mbadala. Je, 2465B?

FUNDI: Ile usiniambie. Ndani ina saketi walizojitengenezea wenyewe, huzipati popote ila kwa kuua skopu nyingine.

MKUFUNZI: Na kapasita ndogo za kwenye bodi ya udhibiti huvuja na kula njia za shaba. Na namba zote za urekebishaji zimehifadhiwa kwenye chipu yenye betri iliyozibwa ndani yake. Betri ikifa, kifaa kinasahau kila kitu kilichofundishwa kiwandani. Jina ni lilelile lililoweka risasi ya fedha kwa ajili ya fundi. Sasa nikinunua 2465B iliyotumika nje, bila historia, kwa kuwa mbele imeandikwa Tektronix, nitakuwa nimenunua nini?

FUNDI: Utakuwa umenunua betri ya zamani. Lakini chipu hiyo inaweza kusomwa kabla haijafa, namba zikanakiliwa, ikawekwa mpya. Nani anajua hivyo? Anayejua ni yule mwenye kitabu. Mimi narudi kwenye kitabu. Hizo Rigol zako, wakupe mchoro wa saketi!

MKUFUNZI: Hawatoi.

FUNDI: Basi.

MKUFUNZI: Hata majina makubwa siku hizi mara nyingi hawatoi, mzee. Ila kwa takriban dola 400 DS1054Z ya Rigol ilimpa mwanafunzi njia nne za kuingizia mawimbi. Zamani bei hiyo ilikuwa ndoto. Wanafunzi wangu wakikaa wanane kwenye skopu moja nzuri, mmoja anajifunza na saba wanatazama mgongo wake. Kwangu hilo nalo ni ubora. Kifaa kinachofikiwa na mkono kinafundisha zaidi.

MPIMAJI: Nyote wawili mnazungumza kama watu mnaojua mnachokiona. Mimi kazini nakutana na kisa cha namna nyingine. Kinaletwa kifaa cha jina kubwa, kisafi, hakijadondoshwa. Nakipima na kukuta kimetoka nje ya mipaka yake. Kinaletwa kingine cha jina dogo, nacho kiko ndani. Kabla sijapima sikuwa na njia ya kujua, na jina la mbele halikunisaidia. Chapa njema huongeza uwezekano tu. Chombo hiki kilicho mezani kinazungumza kwa cheti chake.

Mpimaji amehamisha mjadala, na nadhani ameuhamishia mahali pake. Nilimwacha aendelee.

MPIMAJI: Tazama wanavyoandika usahihi. Mtengenezaji makini hasemi "asilimia 0.05" akanyamaza. Anasema asilimia kadhaa ya usomaji, kuongeza hesabu kadhaa za tarakimu ya mwisho, kwa muda wa mwaka mmoja tangu kugezwa, katika nyuzijoto 18 hadi 28. Nje ya hapo anakupa kanuni. Kwa Fluke 87V, kila nyuzi moja inayozidi 28 unaongeza sehemu 0.05 ya kosa linaloruhusiwa. Karakana ya mzee mwezi wa Februari ina nyuzi ngapi?

FUNDI: Bati limewaka. Thelathini na nne, pengine zaidi.

MPIMAJI: Tuseme 34. Nyuzi sita zimezidi, mara 0.05, ni 0.3. Kosa linaloruhusiwa limekua kwa asilimia 30, na mita haina ubaya wowote. Kuna mita nyingine zimeandikwa 0.1 badala ya 0.05, hizo zinakua kwa asilimia 60. Na kuna ambazo mstari huo haupo kabisa kwenye kijitabu. Hizo ndizo ninazoziogopa. Sisemi kwamba lazima ni mbovu. Ila mtengenezaji wake hajaniahidi kitu, kwa hiyo siwezi kumshtaki kwa kuvunja ahadi. Ukiniuliza mtengenezaji mwenye sifa ni yupi, nitakwambia ni yule aliyeandika mipaka ya kifaa chake kwa namna ambayo mimi naweza kumkamata akikosea.

MKUFUNZI: Hiyo naweza kuiandika kwenye zabuni.

MPIMAJI: Iandike. Na uongeze cheti cha ugezi chenye namba za vipimo vyenyewe, kutoka maabara iliyothibitishwa kwa kiwango cha ISO/IEC 17025. Karatasi iliyoandikwa tu "kimepita" haitoshi. Cheti chenye namba hukuwezesha mwakani kuona kifaa kimesogea kiasi gani na upande gani. Kifaa kinachosogea polepole upande mmoja unaweza kuishi nacho. Kinachorukaruka hakifai, hata kama leo kimeangukia penye ukweli.

Kufikia hapo ningeweza kudhani mjadala umekwisha, kumbe jambo zito kuliko yote lilikuwa bado, na ndilo linalonifanya niandike makala hii. Osiloskopu ikikosea, mwanafunzi atachora wimbi lisilo sahihi. Multimita ikikosea mahali pabaya, inamuunguza mkono na uso.

FUNDI: Hilo niliwahi kuliona. Chapa siitaji. Kijana alikuwa anapima bodi kuu ya umeme ya ghorofa, nyaya za mita zikiwa zimechomekwa kwenye tundu la ampea, akasahau kuzihamisha. Mlio ule ulikuwa kama baruti. Mita ilipasuka, na vidole vikaungua. Ndani tukakuta fyuzi ya kioo, ile ndogo ya redio.

MPIMAJI: Fyuzi ya kioo inakatika, lakini moto wa umeme unaendelea kupita hewani mahali waya ulipokuwa. Ile nzuri ni ya kauri, ndani imejazwa mchanga, na mchanga unauzima ule moto. Ndiyo maana zile za 87V zimeandikwa volti 1000. Na bei ya fyuzi moja ya namna hiyo inaweza kuzidi bei ya mita nzima ya sokoni. Ukiona mita inauzwa chini ya bei ya fyuzi, huhitaji kuifungua kujua kilichokosekana.

MKUFUNZI: Zile ndogo za DT-830 wanasema wazi. Chini ya tundu la ampea 10 wameandika kwamba halina fyuzi.

MPIMAJI: Huo angalau ni ukweli. Nina shida zaidi na zile zilizoandikwa CAT III volti 1000 kwa herufi kubwa, na ndani hamna kitu. Hebu tuliseme vizuri, kwa sababu hata mafundi wazoefu wanalikosea. CAT ni daraja la mahali unapopimia. CAT III ni nyaya zilizojengwa ndani ya jengo na bodi yake kuu. CAT IV ni kuanzia nguzoni hadi kwenye mita ya LUKU. CAT II ni vitu unavyochomeka kwenye soketi. Radi ikipiga laini au mota kubwa ikizimwa, ile 230 hupanda hadi maelfu ya volti kwa muda mfupi sana. Mita ya CAT III volti 600 inajaribiwa kwa mishtuko ya volti 6000 kupitia omu 2. Mita ya CAT II volti 1000 nayo inajaribiwa kwa volti 6000, ila kupitia omu 12. Gawanya.

MKUFUNZI: Ampea 3000 kwa ile ya kwanza. Ya pili ni 500.

MPIMAJI: Basi ile iliyoandikwa 600 imejaribiwa kwa mkondo mara sita ya ile iliyoandikwa 1000. Mnunuzi anayesoma namba kubwa pekee atachagua isiyomlinda.

FUNDI: Kwa hiyo hapo tukubaliane, mama: nunua jina.

MPIMAJI: Hapana, baba. Hata hapo usinunue jina. UNI-T walikuwa na UT61E inayouzwa karibu kila mahali, na kwenye bodi yake kulikuwa na nafasi tupu za vipande vya kuzuia mishtuko. Toleo lililouzwa Ujerumani likiwa na alama ya usalama ya GS lilikuwa na vipande hivyo na fyuzi bora zaidi. Kampuni ileile, namba ya modeli ileile. Na kwa upande mwingine Fluke wana 101, ndogo, inatengenezwa China, bei yake ni sehemu ndogo ya 87V, na ni CAT III volti 600. Wamefanyaje? Hawakuweka tundu la ampea kabisa. Ile ajali uliyoiona haiwezi kutokea kwenye mita hiyo, kwa kuwa mahali pa kukosea hapapo.

FUNDI: Hiyo ni akili.

MKUFUNZI: Na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawahitaji ampea kwenye bodi kuu. Hiyo pia naiandika: "multimita za mwaka wa kwanza zisiwe na uwezo wa kupima mkondo."

Tatizo linalobaki ni sura. Sokoni zimejaa mita za mshale zilizoandikwa Sunwa, zenye umbo na hata namba ya modeli ya Sanwa YX-360TR ya Japani. Herufi moja inatosha kumpita mtu mwenye haraka. Mwaka 2014 forodha ya Marekani ilizuia multimita 2000 za duka la SparkFun la Colorado kwa sababu kingo zake za njano na uso wake wa kijivu vilifanana na rangi ambazo Fluke walikuwa wamezisajili. SparkFun walilalamika, na Fluke wakawapa vifaa vya thamani ya zaidi ya dola 30,000. Wengi waliona ni kampuni kubwa inagombea rangi. Mimi naona walikuwa na sababu ya kugombea, kwa kuwa fundi anayeshika kitu cha njano mbele ya bodi kuu anaamini kimejaribiwa. Lakini hilohilo linaonyesha udhaifu wa kuweka imani kwenye rangi. Kuna njia iliyo wazi kwa yeyote: alama ya UL, CSA au TÜV huenda na nambari ya usajili, na nambari hiyo inaweza kutafutwa kwenye daftari la taasisi iliyoitoa. Alama ya CE haimsaidii mnunuzi kwa namna hiyo. Kwa multimita ni tamko la mtengenezaji mwenyewe.

Hesabu ya mkufunzi ilianza kupata umbo. Osiloskopu nane mpya za bei nafuu kwa ajili ya mazoezi. Multimita zisizo na tundu la ampea, zenye nambari ya usajili inayothibitika. Na multimita moja ya mezani, ya tarakimu nyingi, yenye cheti cha namba, ambayo haitashikwa na wanafunzi kila siku. Kazi yake ni kulinganishwa na zile nyingine kila muhula, ili chuo kijue kifaa gani kimeanza kupotoka bila kusubiri bajeti ya kuvipeleka vyote maabara.

FUNDI: Na cha kufundishia kufungua?

MKUFUNZI: Kifaa kilichotumika hakipiti kwenye zabuni yetu, mzee.

FUNDI: 465 moja nitawaletea mimi, na kitabu chake. Lakini hizo nane zako, mwaka wa tano zikianza kufa, mtafanya nini? Umeandika joto, umeandika mishtuko, umeandika cheti. Hukuandika mchoro.

MKUFUNZI: Nikidai mchoro kamili wa saketi, hatajitokeza mtu. Zabuni itarudi tupu.

FUNDI: Basi dai kiasi. Mwongozo wa matengenezo, spea za fyuzi na pawasaplai kwa miaka saba, na namna ya kukigeza upya bila kukirudisha China.

MPIMAJI: Lile la kugeza upya ni la lazima. Kama utaratibu wake ni siri, mimi nitaweza kukwambia kimekosea, ila sitaweza kukirekebisha.

MKUFUNZI: Wapo watakaojiondoa.

FUNDI: Waache wajiondoe. Wakijiondoa watakuwa wamejibu.

MKUFUNZI: Na nikibaki na muuzaji mmoja tu, kamati itasema nimeandika zabuni kwa ajili yake. Itakuwa kama nimetaja jina.

MPIMAJI: Sharti la kugeza liwe la lazima. Spea na mwongozo uzipe alama, anayetoa zaidi apate zaidi. Kamati ikiuliza, nitakuja kuwaeleza.